Muulize Fundi: Gari la Misuli Linapoyumba Mbele

Barua za safari hii zimefanana kama watoto wa mama mmoja. Wenye magari ya misuli ya Marekani, yale ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 yenye V8 ya chuma puani, wote wana kilio kimoja: gari linavuta, linanguruma, lakini likifika kwenye kona dereva anaomba dua kimoyomoyo. Nimechagua barua tano. Ambao sikuwajibu mniwie radhi, ingawa wengi mtakuta jibu lenu ndani ya jibu la mwenzenu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mustang ya 1966, V8 ya inchi za ujazo 289, usukani wa mkono usio na pampu. Nikifika kilomita 90 kwa saa gari linatangatanga. Nalirudisha kushoto, nalirudisha kulia, mikono haipumziki. Kwenye kona linalala upande. Rafiki yangu mmoja anasema nikate mbele yote niweke krosimemba (boriti ya mbele inayobeba mikono ya magurudumu) ya Mustang II yenye usukani wa raki. Mwingine anasema nifunge shokapu za kisasa zilizovalishwa springi. Niko tayari kununua, ila sijui nianzie wapi.
– Mwenye Mustang

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujafungua pochi, ingia chini ya gari. Mwambie mtu akae kwenye usukani, matairi yakiwa yamekanyaga chini, auzungushe kidogo tu kushoto na kulia, kidogo tena, bila kukoma. Wewe lala chini, shika kila jointi ya fimbo za usukani kwa kiganja, moja baada ya nyingine: tairodi za nje, za ndani, aidla amu, pitmani amu, hadi kwenye boksi la usukani. Jointi mbovu utaihisi kiganjani kabla ya kuiona. Upande mmoja unatangulia, kunatokea mgongano mdogo wa "tk", ndipo upande wa pili unafuata. Hapo ndipo kazi ya mikono yako isiyopumzika inapopotelea. Aidla amu ya Mustang ina sifa mbaya kwa jambo hili, basi usiiruke.

Bolijointi, zile jointi za duara zinazounganisha nako (chuma kinachoshika gurudumu) na mikono ya juu na ya chini, zina njia yake ya kupimwa, na wengi huikosea. Kwenye gari lako springi imekaa juu ya mkono wa juu, kwa hiyo bolijointi inayobeba uzito ni ya juu. Weka kipande cha mbao ngumu kati ya mkono wa juu na bodi ili mkono usishuke, kisha inua gari kwa kuweka jeki chini ya bodi. Sasa tikisa gurudumu juu na chini. Ukiinua bila mbao, springi inaibana bolijointi, na bolijointi mbovu itakudanganya kuwa ni nzima.

Ukishabadilisha vilivyokufa, nenda kwenye alaimenti, na hapa ndipo nitakaa kidogo, maana ndipo gari hili linapobadilika bila hata kununua kitu. Vipimo vya kitabu cha gari lako viliandikwa kwa ajili ya tairi za bayasi, zile zenye nyuzi zilizopishana mshazari. Leo unaendesha radiali. Fundi wa alaimenti akifungua kompyuta yake akakupangia namba za 1966, atakuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu na gari litaendelea kutangatanga. Mwambie unachotaka, na mpelekee kwenye karatasi.

Kwanza kasta. Hiyo ni mlalo wa nako ukilitazama gari kwa ubavu. Bolijointi ya juu ikikaa nyuma kidogo ya ile ya chini, hiyo ni kasta chanya, na ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe katikati na gari lishike njia. Kitabu kinakupa kama digrii 1. Kwa kuwa usukani wako hauna pampu, omba kati ya 2 na 3. Wenye pampu wanaweza kwenda 4 au 5, wewe ukifika huko utapata misuli ya mkono kila unapoegesha. Kemba, yaani mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele, iwe hasi, yaani kichwa cha tairi kilalie ndani, kati ya nusu digrii na digrii 1. Halafu tairi za mbele ziangaliane kidogo kwa mbele, milimita 2 au 3 kwa jumla, basi.

Mustang ya 1965 na 1966 hupangwa kwa shimu, vile vipande vya bati vinavyowekwa kati ya shafti ya mkono wa juu na mnara wa shokapu. Kwenye gari lako shimu zinausukuma mkono nje, kwa hiyo ukitaka kemba hasi unapunguza shimu. Wenye Chevelle na Camaro kwao ni kinyume: shafti iko upande wa ndani wa chasisi, shimu inauvuta mkono ndani, na kuongeza ndiko kunakoleta kemba hasi. Nimeona mafundi wazuri wakizunguka nusu siku kwa sababu jana walikuwa kwenye Chevelle.

Ukitoka hapo gari likawa limetulia kwenye njia iliyonyooka lakini bado linalala kwenye kona, sasa tuzungumzie tundu mbili kila upande ambazo ni kazi ya drili tu. Mhandisi wa Ford aliyeitwa Klaus Arning aligundua kwamba ukishusha sehemu mkono wa juu unapofungwa kwenye mnara kwa inchi 1, gari linabadilika tabia. Shelby GT350 za 1965, yaani Mustang zilizoboreshwa na Shelby, zilitoka na mabadiliko hayo, na ndani ya 1966 yakaachwa ili kubana gharama. Sababu yake ni hii: gari likiegemea kwenye kona, bodi inalala nje na kuvuta tairi ilale nayo, mpaka tairi inasimama kwa ukingo wake wa nje. Mkono wa juu ukianzia chini zaidi, gurudumu likipanda mkono unavuta kichwa cha tairi kuelekea ndani. Tairi inabaki imekanyaga kwa uso wake. Na pua ya gari inashuka kidogo, hiyo ni nyongeza ya bure.

Tumia kigezo cha chuma au cha karatasi ngumu kinachofungwa kwenye tundu za zamani, piga alama kwa pantshi, anza na drili nyembamba kisha panua. Springi lazima iwe imeshatolewa. Usizidishe inchi 1 kwa sababu umesoma mahali kwamba wakimbiaji wanazidisha. Bolijointi ya kawaida itafika mwisho wa mzunguko wake na kuanza kujivunja shingo.

Ukiwa umefungua, angalia kile kiti cha springi kinachokaa juu ya mkono. Cha kiwandani kina bushi ya mpira inayokataa kuzunguka, na gari linakuwa gumu kwenye matuta madogo. Viko vya bearingi. Ukifunga hivyo utadhani umebadilisha springi. Angalia pia minara yenyewe kwa tochi, hasa kwenye weldi za chini. Huwa inapata nyufa na kuinamiana kwa ndani. Brasi ya kipande kimoja kutoka minara hadi ukuta wa nyuma wa injini, pamoja na ile baa ya Monte Carlo inayounganisha minara miwili, ni vyuma rahisi vinavyofanya kazi kubwa. Kama baa haiingii kwa sababu minara imeshasogeleana, ndiyo umepata jibu la swali ambalo hukuuliza.

Baada ya hapo shokapu za gesi, na stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, ya inchi 1. Springi mwisho.

Na krosimemba ya Mustang II? Hiyo ilitoka kwenye gari dogo la 1974 hadi 1978. Kuiweka kwako ni kukata minara, na minara ni sehemu ya uti wa mgongo wa gari lisilo na chasisi. Anayetaka kuingiza injini pana isiyoenea hapo ana sababu. Wewe una 289 na nafasi ya kutosha. Rafiki yako mshukuru, mnunulie soda, usimsikilize. Shokapu zilizovalishwa springi ni kitu kizuri, nazo mnara wako unazimudu maana tangu mwanzo unabeba springi. Ila zikifungwa juu ya jointi zilizokufa zitakupa gari la bei kubwa linalotangatanga.

SWALI: Habari za kazi fundi. Chevelle yangu ya 1970 imekaa juu mno kwa mbele. Jirani ana mashine ya kukata chuma, anasema tukate mizunguko miwili ya springi. Pia nimesikia kwamba nako za Impala za miaka ya 1980 zinaingia na kutibu kona. Ni kweli?
– Mpenda Chevelle

JIBU: Nzuri kaka. Mizunguko miwili? Gari litakaa tumbo chini. Kwenye Chevelle springi inakaa kwenye mkono wa chini, karibu katikati ya bawaba na gurudumu. Kwa hiyo springi ikipungua inchi 1, gurudumu linapanda karibu inchi 2. Anza na nusu mzunguko, funga, endesha, lipe muda likae, pima tena. Kata kwa diski ya kukatia, kamwe usikate kwa moto wa gesi wala usipashe springi ili ishuke, maana moto unaua ugumu wa chuma. Na ujue kwamba springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu mizunguko ya kujipinda imepungua. Ugumu kidogo kwenye gari lile si mbaya.

Mahali hapohapo springi ilipokaa panakupa hesabu nyingine. Ukinunua springi iliyoandikwa paundi 600 kwa inchi, gurudumu halihisi 600. Unazidisha nusu kwa nusu, linahisi kama 150. Nakwambia ili usiogope namba kubwa za kwenye boksi, na usilinganishe namba hizo na za gari lenye mpango mwingine.

Nako za Impala za 1977 hadi 1996 zinaingia, ndiyo. Ubaya wa Chevelle za 1964 hadi 1972 ni kwamba nako yake ni fupi. Mkono wa juu unaanza juu na kushuka kuelekea kwenye bolijointi, na gurudumu likipanda kwenye kona mkono unasukuma kichwa cha tairi nje. Yaani unapohitaji msaada, gari linakugeuka. Nako ndefu inatibu hilo. Lakini ile ya Impala inaleta ugonjwa mwingine: mkono wa kuvuta tairodi hauendani na mpango wa Chevelle, kwa hiyo gurudumu likipanda na kushuka linajipinda lenyewe bila wewe kugusa usukani. Ukipita kwenye shimo la upande mmoja, gari linaruka njia. Mimi ningebaki na nako zako na kuweka bolijointi ya juu yenye shingo ndefu kwa nusu inchi, pamoja na mikono ya juu ya bomba iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Ukitumia mikono ya zamani utajikuta unapanga shimu mpaka bolti zinaisha.

Ukitaka kujua kama gari lako lina ugonjwa huo wa kujipinda, toa springi, funga kila kitu kingine, weka ubao ulionyooka kwenye habu, kisha pandisha mkono kwa jeki kidogo kidogo huku ukipima mbele na nyuma ya ubao. Kipimo kikibadilika sana katika inchi 2 za kwanza, umeupata.

SWALI: Fundi, nimebadilisha bushi zote za mpira nikaweka za plastiki ngumu nyekundu. Gari linalia kama kitanda cha nyumba ya wageni. Nipake oili?
– Nachoka na Kelele

JIBU: Hapana, usipake oili. Hizo bushi za poliurethani hazifanyi kazi kama mpira. Mpira hauzunguki; unajisokota kati ya bomba la nje na la ndani. Poliurethani inazunguka juu ya bomba lake, kwa hiyo inahitaji grisi yake ya silikoni, ile nene inayonata, na ulipofunga huenda uliipaka kidogo kama anayetia chumvi ya mgonjwa. Fungua, safisha, paka ya kutosha ndani na kwenye nyuso za pembeni.

Na kama uliziweka pia kwenye strati rodi, zile fimbo zinazotoka mkono wa chini kwenda mbele kwenye Mustang, hizo zitoe leo. Pale fimbo inatakiwa kucheza juu na chini. Bushi ngumu inaizuia, fimbo inajipinda kila unapopita kwenye tuta, na zipo zilizokatika zikiwa barabarani. Rudisha mpira, au nunua fimbo zenye jointi ya mviringo.

Wanaobaki na mpira nao wana lao. Bolti za bushi za mpira hazikazwi gari likiwa limening'inia. Kaza kiasi, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo ukaze kabisa. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unaishi maisha yake yote umesokotwa, na baada ya muda mfupi unachanika halafu unalaumu duka.

SWALI: Shikamoo. Dodge Charger 1969. Haina springi mbele, ina nondo. Zangu ni inchi 0.88. Nimeuziwa za inchi 1.00. Tofauti hiyo ndogo inafaa kuhangaika?
– Mtu wa Mopar

JIBU: Marahaba. Tofauti hiyo si ndogo. Ugumu wa nondo ya kujisokota unakwenda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Gawa 1.00 kwa 0.88, zidisha jibu lenyewe kwa lenyewe mara nne, unapata kama 1.67. Umeongeza ugumu asilimia 67 kwa unene usioonekana kwa macho. Shokapu za zamani hazitaweza kuzituliza, kwa hiyo badilisha pamoja. Hesabu hiyohiyo ndiyo ya stabilaiza isiyo na uwazi ndani, kwa wale walioniuliza.

Chrysler, wenye Dodge, walianza kutumia nondo hizi mwaka wa 1957, na raha yake ni kwamba urefu wa gari unaupanga kwa bolti moja iliyo kwenye mkono wa chini. Mambo mawili tu. Nondo ya kushoto na ya kulia hazibadilishani, angalia alama ya mwishoni. Na usiishike nondo kwa koleo wala kuigonga kwa nyundo ili itoke. Mkwaruzo mmoja unakuwa mwanzo wa ufa. Pandisha gari mikono ining'inie, legeza bolti ya kupangia hadi mwisho, ndipo uitoe kwa kifaa chake cha kubana.

Kwa kuwa utakuwa umefungua, weka bushi za juu zenye tundu lililo pembeni ili upate kasta zaidi. Bolti za kiwandani peke yake hazifiki mbali.

SWALI: Fundi, mimi ni dada niliyeachiwa Camaro ya 1969 na marehemu baba. Nataka kubadilisha springi na bolijointi za mbele mwenyewe, lakini kila mtu ananitisha na springi. Inaua kweli?
– Binti wa Camaro

JIBU: Pole kwa msiba dada yangu. Hawakutishi bure. Springi ile imebanwa kwa nguvu ya kuvunja mfupa, na ikichomoka haichagui. Lakini inatoka salama kwa anayefuata mpango, na Camaro ni rahisi kuliko Mustang, ambayo inahitaji kifaa cha kubana springi kupitia tundu la shokapu juu ya mnara.

Lisimamishe gari kwenye stendi chini ya chasisi, si kwenye jeki. Toa gurudumu, breki na shokapu. Ondoa pia kiungo cha stabilaiza na tairodi. Breki usiiache ining'inie kwenye paipu lake, ifunge kwa waya. Weka jeki ya magurudumu chini ya mkono wa chini, karibu na bolijointi, ipandishe mpaka ibebe springi kidogo. Pitisha mnyororo ndani ya springi na uufunge kwenye chasisi, ukiacha nafasi ndogo tu ya kushuka.

Toa kota pini za bolijointi zote mbili na ulegeze nati zake mizunguko michache. Usizitoe. Nati ndiyo inayokuzuia usikutane na springi. Sasa piga nyundo kwenye ubavu wa nako, pale shina la bolijointi linapopita, si kwenye shina lenyewe. Pigo moja zito ni bora kuliko kumi ya woga. Utasikia mlio mfupi na mkono utashuka kidogo hadi kwenye nati. Hapo shina limeachia.

Hakikisha jeki imebeba, toa nati, kisha shusha jeki polepole, wewe ukiwa pembeni, kamwe usiwe mbele ya springi. Ikilegea kabisa unaichomoa kwa mkono. Wakati wa kurudisha, mwisho wa waya wa springi ukae kwenye kitako chake kwenye mkono wa chini. Pale kuna tundu mbili ndogo, moja ifunikwe na mwisho wa waya, ya pili ionekane yote au nusu.

Kaza nati za bolijointi kwa spana ya torki kulingana na kitabu. Tundu la kota pini likikataa kulingana, endelea kukaza hadi lifuate. Usilegeze kurudi nyuma. Kota pini ziwe mpya, na baada ya kuendesha kwa siku chache lipeleke alaimenti na zile namba nilizompa mwenye Mustang, ila kama usukani wako una pampu omba kasta ya digrii 4.